Yaya wa Filamuni, Mwenye Nyumba Kwake

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Asanteni.

Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniomba nije nizungumze juu ya mwigizaji yeyote wa kike wa Marekani ninayempenda. Nadhani alitarajia nije na mmoja wa hawa wa sasa, mnaowafuata kwenye simu zenu. Mimi nimekuja na marehemu. Alifariki mwaka 1952, mimi sijazaliwa, na nikiwatazama nyuso zenu naona wengi jina lake hamjapata kulisikia. Anaitwa Hattie McDaniel.

Kwa nini yeye? Nimeigiza miaka ishirini na kitu sasa, na katika miaka hiyo nimekuwa hausigeli mara tisa. Nimehesabu. Umbo langu mnaliona, sauti yangu mnaisikia. Mtayarishaji akinitupia jicho tu, kichwani kwake tayari ameshaniona na ndoo, na kanga nimejifunga kiunoni. "Dada, una sini nne tu, fupi fupi. Unafungua geti, unasema shikamoo mama, unaleta juisi." Mara ya tano nikamuuliza mmoja wao: huyu mtu ninayemwigiza jina lake nani? Akaupekua muswada mbele, akaupekua nyuma. Hana jina. "Wewe muite Dada, inatosha."

Siku ile ndipo nilipoanza kumsoma huyu mama. Mimi nililalamikia mara tano. Yeye alivaa aproni mbele ya kamera makumi kwa makumi ya mara, na filamu nyingi kati ya hizo hata jina lake hazikuliandika mwishoni. Nikanyamaza, nikaendelea kusoma.

Alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, mwaka 1893, mziwanda wa watoto kumi na watatu, na si wote waliokua. Baba yake, Henry, alizaliwa mtumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani alivaa sare ya jeshi la Kaskazini, lile lililopigana na mabwana wa watumwa, akatoka vitani na majeraha, kisha akatumia miaka mingi ya uzee wake kufuatilia pensheni. Mnaijua kazi ya kufuatilia pensheni, sihitaji kueleza. Mama yake, Susan, aliimba kanisani na kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Familia ikahamia Colorado, Fort Collins kwanza, halafu Denver.

Huko Denver, mwaka 1910, chama cha akina mama wapinga pombe kiliandaa mashindano ya kughani mashairi. Hattie akaingia, msichana mweusi katika ukumbi wa watu weupe, akatoka na medali ya dhahabu. Hakukaa sana shuleni baada ya hapo. Alikwenda jukwaani na kaka zake, na mwaka 1914 yeye na dada yake Etta wakaanzisha kundi lao wenyewe la vichekesho, wanawake watupu. Aliimba redioni Denver, akarekodi santuri za bluzi miaka ya 1920, nyimbo nyingine akizitunga mwenyewe. Nayasema haya haraka lakini msiyapite haraka: huyu hakuokotwa jikoni akaambiwa simama hapa utabasamu. Alipofika Hollywood alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya jukwaa mwilini mwake.

Kisha ukaja mwaka 1929, uchumi wa Marekani ukaanguka, na kundi alilokuwa akizunguka nalo likasambaratika. Akajikuta amekwama Milwaukee. Kazi aliyoipata ni kwenye klabu moja ya usiku, si jukwaani, chooni, kuwapa mabibi taulo wakinawa mikono. Klabu ile ilikuwa inapenda waimbaji weupe. Baadaye wakampa nafasi ya kuimba usiku mmoja, na baada ya usiku huo hakurudi tena kwenye taulo.

Mwaka 1931 akaenda Los Angeles, kaka yake Sam na dada zake walikuwa wametangulia. Sam alikuwa redioni, akamwombea nafasi. Hattie akaigiza redioni kama hausigeli mwenye mdomo, anayesahau kila mara kuwa yeye ni mtumishi, na wasikilizaji wakampenda. Ila malipo ya redio yalikuwa madogo kiasi kwamba hakuweza kuacha kazi yake ya mchana. Na kazi yake ya mchana ilikuwa ipi? Hausigeli. Yaani mtu anapiga deki nyumba ya mtu mpaka jioni, anavua aproni, anapanda gari kwenda redioni kuigiza mtu anayepiga deki.

Filamu zikaanza taratibu, 1932, 1933, vipande vya dakika mbili. Iliyowafanya watu waulize "yule ni nani?" ni Alice Adams ya mwaka 1935, Katharine Hepburn ndiye nyota. Familia yenye kujikweza inamwalika kijana tajiri kula chakula cha jioni, joto limezidi, na kwa sababu hawana mtumishi wamekodi mmoja wa siku hiyo ili waonekane nao wamo. Mtumishi huyo ni Hattie. Kofia ya aproni inamlalia pembeni, anatafuna, anabeba sahani kama anayezionea huruma. Hasemi kitu cha maana hata kimoja, lakini kila anapoingia unaona kwamba mtu pekee mezani pale anayejua kuwa huu wote ni uongo ni huyu aliyekodiwa. Nimeitazama sini ile pengine mara thelathini. Muswada ulimwandikia kichekesho, naye akakigeuzia kibao waliomwajiri.

Sasa tuje kwenye ile inayojulikana. Riwaya ya Margaret Mitchell, Gone with the Wind, ilitoka 1936 na kila mtu Marekani akawa na maoni nani aigize nani. Nafasi ya Mammy, yaya mtumwa wa nyumba ya Scarlett O'Hara, iligombewa na waigizaji wengi weusi. Alijaribiwa hata Elizabeth McDuffie, mtumishi wa kweli wa Ikulu ya Marekani, ambaye Bi. Eleanor Roosevelt mwenyewe alimpigia debe. Hebu fikirini: kwenye usaili wa kuigiza mtumishi anakuja mtumishi wa Rais! Hattie akaenda amevaa sare kamili za kazi, akaichukua nafasi.

Wenzetu weusi wa Marekani hawakuifurahia filamu ile, na walikuwa na haki. Ni filamu inayoulilia utumwa kama mtu anayelilia ujana wake. Magazeti ya weusi yalipiga kelele tangu ikiwa inaandikwa, mpaka mtayarishaji David O. Selznick akaliondoa lile tusi linaloanzia na herufi N, lililojaa tele kitabuni. Tusi likatoka, hadithi ikabaki ileile.

Ilizinduliwa Atlanta, jimbo la Georgia, tarehe 15 Desemba 1939. Georgia ilikuwa na sheria za kutenganisha watu kwa rangi, kwa hiyo waigizaji weusi wa filamu hiyo hawakuruhusiwa kuhudhuria uzinduzi wa filamu yao. Clark Gable, nyota wa kiume wa filamu hiyo, alikasirika akasema naye haendi, na inasimuliwa kuwa Hattie mwenyewe ndiye aliyemsihi aende. Usiku mmoja kabla, kwenye dansi ya matajiri wa mji, kwaya ya kanisa la Ebenezer iliimba imevalishwa kitumwa. Kati ya watoto wa kwaya alikuwamo mvulana wa miaka kumi, mtoto wa mchungaji, jina lake Martin Luther King. Huyo mnamjua.

Halafu Oscar. Tarehe 29 Februari 1940, ukumbi wa Cocoanut Grove ndani ya hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli haikuwa inapokea weusi. Selznick alilazimika kuomba ili mwigizaji wake, aliyependekezwa kuwania tuzo, apite mlangoni. Wenzake wa filamu walikaa pamoja. Yeye akawekewa kimeza kando ya ukuta, pamoja na aliyemsindikiza na wakala wake. Kisha jina likatajwa, mwigizaji msaidizi bora wa kike, akatoka kule ukutani akapita katikati ya meza zote zile, kichwani amechomeka maua meupe ya gadenia. Kipande cha filamu cha hotuba yake kipo. Ni kifupi. Anasema anatumaini siku zote atakuwa sifa njema kwa watu wa rangi yake na kwa tasnia ya filamu, kwamba moyo umemjaa hawezi kueleza, anashukuru, anaondoka. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kupata tuzo hiyo. Mwanamke mweusi wa pili, Whoopi Goldberg, aliipata mwaka 1991. Piga hesabu, miaka hamsini na mmoja.

Hapa kwa kawaida wasimulizi hushusha pazia. Mimi naona ndiyo kwanza tumefika sebuleni.

Maana baada ya tuzo, nini kilibadilika? Aliletewa miswada, akaifungua: yaya. Mpishi. Yaya. Mwaka 1942 alipata mmoja wenye heshima kidogo, In This Our Life ya John Huston, mtumishi tena, lakini mtumishi mwenye mtoto anayesomea sheria na anayesingiziwa kosa la mtu mweupe. Anapoeleza kwa nini polisi hawakumsikiliza mwanawe, hakuna kichekesho hata chembe. Baada ya hapo wakarudi kulekule.

Na mwaka huohuo Walter White, katibu wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za weusi, akafika Hollywood kuonana na wakuu wa studio. Alidai weusi waonyeshwe kama watu: madaktari, walimu, raia. Alikuwa sahihi kabisa. Ila waigizaji weusi wenyewe, waliokula na kulipa kodi kwa kuvaa aproni zile, hakuwakalisha kwenye meza hiyo. Wakasikia habari zao magazetini. Hattie akaumia. Kauli yake inayonukuliwa kuliko zote ndiyo jibu la enzi hizo: afadhali aigize mtumishi kwa dola 700 kwa wiki kuliko kuwa mtumishi kwa dola 7.

Nitawaambia ninavyoona, mnaweza kunizomea baadaye tukinywa chai. Jibu lile ni zuri masikioni na bado halitoshi. Anayelipwa 7 hakufaidika na zile 700, na watu weupe waliotoka sinema wakiamini kwamba mwanamke mweusi alizaliwa kupenda kulea watoto wa wengine, imani ile walirudi nayo nyumbani kwa huyo wa dola 7. White aliliona hilo. Lakini White naye hakuwa amewahi kusimama chooni na taulo. Kijana mgeni, mwimbaji Lena Horne, alipoletwa Hollywood kuwa mfano wa picha mpya aliyoitaka White, wazee wengi walimnunia. Hattie alimwita nyumbani kwake, akampokea, akazungumza naye kama mama. Horne mwenyewe ndiye aliyekuja kusimulia.

Nyumbani kwake. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Mwaka 1942 Hattie alinunua nyumba Los Angeles, mtaa wa West Adams Heights, ambao watu weusi waliubatiza Sugar Hill. Nyumba nyeupe, ghorofa moja juu, vyumba kumi na saba, maktaba ndani. Jirani zake walikuwa watu weusi waliofanikiwa, waigizaji wenzake Louise Beavers na Ethel Waters, wafanyabiashara, madaktari. Kila mwaka alifanya sherehe, na Gable alikuwa hakosi. Mtaa ule zamani ulikuwa wa matajiri weupe, na hati za nyumba zilikuwa na sharti lililoandikwa kwa wino: nyumba hii isiuzwe wala kukaliwa na mtu asiye mweupe. Masharti ya namna hiyo yalienea Marekani nzima na mahakama zilikuwa zikiyatekeleza. Ukishindwa kesi, unatolewa nje, hata kama nyumba umeilipia senti ya mwisho.

Baadhi ya majirani weupe wakafungua kesi kuwatoa weusi. Hapo kulikuwa na njia mbili. Mtu mwenye pesa zake angeweza kuuza kimyakimya akahamia kwingine. Hattie akafungua milango ya sebule yake. Majirani walioshtakiwa walikuwa wakikutana kwake Jumamosi kupanga namna ya kujitetea, na kesi ilipoitwa, Desemba 1945, alikwenda mahakamani akifuatana na watu wapatao 250. Wakili wao alikuwa Loren Miller, mwanaume mweusi kutoka Kansas, kama yeye. Utetezi wake haukuhangaika na vipengele vya hati. Alisema katiba, Marekebisho ya 14, yanampa kila raia ulinzi sawa wa sheria, na mahakama ikilitekeleza sharti kama hili, inayobagua ni serikali.

Jaji Thurmond Clarke akafanya jambo ambalo majaji wengi hawalifanyi: akaenda mwenyewe kuutazama mtaa. Kesho yake asubuhi akaitupa kesi. Alisema wakati umefika watu weusi wapewe, bila kificho wala kukwepa, haki zote walizohakikishiwa na Marekebisho ya 14, na kwamba majaji wamelikwepa suala hili muda mrefu mno. Miaka mitatu baadaye, 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa nchi nzima kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo. Loren Miller alikuwa miongoni mwa mawakili wa kesi zile pia.

Sasa nisikilizeni vizuri vijana. Mwanamke ambaye dunia nzima ilimjua kwa kufungua milango ya nyumba za watu, aliingia mahakamani kusema: hii ni yangu, sitoki. Siku ile hakuwa akiigiza. Kwangu mimi ndiyo kazi yake kubwa kuliko ya 1939, na ukiniuliza kwa nini sizungumzii sana maisha yake ya ndani, ndiyo sababu. Aliolewa mara nne, mume wa kwanza alimfia wangali vijana, watoto hakujaliwa. Kuna wakati aliamini ana mimba, ikatangazwa, kumbe siyo. Sitaki kukaa hapo. Watu wamekaa hapo vya kutosha.

Mwaka 1947 alirudi redioni na kipindi cha Beulah, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kubeba kipindi chake mwenyewe kwenye redio ya taifa zima, dola 1,000 kwa wiki. Beulah ni nani? Hausigeli, bila shaka. Ila safari hii alikubali kwa masharti: ile lugha ya kuvunjavunja waliyozoea kuwaandikia watumishi weusi hataisema. Kipindi kilipokwenda kwenye televisheni alirekodi vipande vichache tu, ugonjwa ukamzidi. Saratani ya matiti. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952 katika makazi ya wazee wa tasnia ya filamu, Woodland Hills.

Aliusia azikwe makaburi ya Hollywood, pamoja na wenzake wa filamu. Makaburi yale yalikuwa ya weupe. Wakamkataa. Akazikwa Rosedale. Mwaka 1999 wenye makaburi wapya walitaka ahamishwe, ndugu zake wakasema aachwe alipo, basi likasimamishwa jiwe la ukumbusho. Mtaa wake nao haukupona: mapema miaka ya 1960 barabara kuu ya magari ilipitishwa katikati ya Sugar Hill. Mahakamani mtaa ule uliponea, kwa wakandarasi haukuponea.

Tuzo yenyewe ina mkasa wake. Miaka ile waigizaji wasaidizi hawakupewa sanamu kamili, walipewa ngao yenye sanamu ndogo imebandikwa. Hattie aliiusia kwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo cha watu weusi. Ikawekwa idara ya maigizo, na mapema miaka ya 1970 ikapotea. Wako wanaosema iliibwa, wako wanaosema ilitiwa sandukuni na mtu akasahau. Oktoba 2023 wenye Oscar wakakikabidhi chuo nakala mpya. Ile ya kwanza haijaonekana.

Mwalimu wenu atanikasirikia nisipomtaja Lupita Nyong'o. Machi 2014 nilikesha nikimsubiri, na alipotajwa nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Mtoto wa Kenya! Tuzo ileile ya Hattie, mwigizaji msaidizi bora wa kike, miaka 74 baadaye. Kulipokucha, nikiwa nakunywa chai, ndipo nikakumbuka alikuwa ameigiza nani. Mtumwa. Mara hii katika filamu iliyouonyesha utumwa kwa ukatili wake wote, haukuliliwa, na hilo si dogo hata kidogo. Lakini chai ilinipoa mkononi.

Nimeombwa nisizidishe muda, na nimebakiza jambo moja. Kijana wa mitambo ana kipande nilichomletea, cha dakika chache, kutoka filamu ya 1939. Mtoto wa Scarlett na mumewe Rhett amekufa kwa kuanguka kutoka farasini. Hattie anapanda ngazi na Olivia de Havilland, aliyewania naye tuzo ileile na kuikosa. Anamweleza yaliyotokea ndani ya nyumba, baba alivyochanganyikiwa, na kwamba hataki mtoto azikwe kwa kuwa mtoto aliogopa giza. Anayasema yote akipanda ngazi, kamera inapanda naye. Msisikilize lafudhi waliyomwandikia. Mtazameni mkono unaoshika sketi, na pumzi anavyoikata kabla ya kila jina.

Haya mwanangu, zima taa.